Mwaka wa Kwanza Baada ya Cheti: Namna ya Kupanga Kazi ya Muziki wa Kujitegemea Zanzibar

Mwanafunzi anapomaliza masomo ya muziki, kitu cha kwanza anachokipoteza si mwalimu wala darasa, bali ni ala. Kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi ya taarab, niliyoipigia mtihani wangu wa mwisho ilikuwa mali ya chuo, na asubuhi ya pili baada ya mahafali niliirudisha stoo pamoja na ufunguo wake wa kutyuni, nikatoka nje nikiwa na cheti mkononi na risha mbili za kupigia nyuzi mfukoni. Wiki ile ile nilipigiwa simu ya harusi ya mitaa ya Ng'ambo, hapa mjini, nikaikosa, kwa sababu rafiki niliyemtegemea aniazime kanuni yake alikuwa na harusi nyingine usiku huo huo. Mwongozo huu nimewaandikia vijana wanaomaliza vyuo vya muziki, khasa wa hapa Unguja, ambao wanakusudia kuishi kwa muziki bila ya kuajiriwa na mtu mmoja, na ambao hawataki kujifunza kwao kukomee siku ya mahafali. Naamini mambo hayo mawili hupangwa pamoja, juu ya kalenda moja, na kwamba anayeyatenganisha huishia kukosa yote mawili.

Ala kwanza

Ikiwa bado umebakiwa na muhula mmoja au miwili, anza sasa kuweka fedha za ala, kabla ya kufikiria nguo za jukwaani au picha za matangazo. Mpiga fidla ana nafuu, kwa kuwa nyuzi zake ni nne tu na fidla ya mwanafunzi si vigumu kuipata Dar es Salaam. Mpiga udi kwa kawaida huhitaji nyuzi 11, yaani jozi tano na uzi mmoja mnene wa peke yake. Mpiga kanuni ndiye mwenye mzigo: ala yenyewe huagizwa kutoka Misri au Uturuki, ina nyuzi zipatazo 78 zilizopangwa tatu tatu, na daraja linalozibeba nyuzi hizo hukaa juu ya vipande vya ngozi, ambayo kwa desturi ni ya samaki. Ngozi hiyo hulegea kwa unyevu. Katika miezi ya masika kanuni iliyotyuniwa adhuhuri huwa imeshuka ifikapo magharibi, na mpigaji asiyelijua jambo hili huaibika mbele ya watu kwa kosa ambalo si la vidole vyake. Fika mahali pa kazi mapema, iache ala ipate hewa ya pale kwa muda wa nusu saa, kisha ndipo uanze kutyuni.

Nyuzi za akiba ziagize mapema kwa kila unayemjua anayesafiri kwenda Cairo au Istanbul, wala usingoje zikatike. Kama fedha za ala nzima hazipatikani, wawili mnunue moja kwa ubia, kama tulivyofanya mimi na mwenzangu kwa muda wa miezi 14. Sharti letu liliandikwa kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari: aliyeandika tarehe kwanza ndiye mwenye ala siku hiyo, na uzi ukikatika mikononi mwa mtu, ndiye anayeununua. Urafiki wetu upo mpaka leo, na nadhani ukurasa ule una mchango wake.

Kalenda kabla ya bei

Watu wengi hupanga matumizi yao kwa mwezi, kwa kuwa ndivyo mshahara unavyokuja, lakini kazi yetu huja kwa msimu. Kabla hujajiuliza utoze kiasi gani, chukua karatasi kubwa, ichore miezi 12, na uandike humo mambo matatu: msimu wa watalii, msimu wa harusi na Ramadhani.

Msimu wa watalii unajulikana. Hoteli hujaa kuanzia Juni hadi Oktoba, hujaa tena kuanzia katikati ya Desemba hadi Februari, kisha mvua za masika zikishuka kati ya Machi na Mei baadhi ya hoteli za pwani ya mashariki hufunga milango kabisa kwa matengenezo. Tamasha la Sauti za Busara, ambalo kwa kawaida hufanyika mwezi wa Februari ndani ya Ngome Kongwe, linaangukia kwenye kilele hicho, lakini maombi ya wasanii hupokelewa miezi mingi kabla, kwa hiyo anayelikumbuka mwezi wa Januari amechelewa mwaka mzima. Zingatia pia kwamba tamasha hilo huwataka wasanii wapige muziki wao moja kwa moja jukwaani, na si kuimba juu ya rekodi, jambo ambalo ni fursa kwa mtu aliyesomea ala.

Harusi hazifuati watalii. Zinafuata mwezi mwandamo, na familia nyingi huharakisha kuziwahi kabla ya Ramadhani kuingia, ndiyo maana Shaaban huwa mwezi wa pirika, kisha zinaanza tena Idi ikipita, katika Mfunguo Mosi. Ndani ya Ramadhani yenyewe muziki wa harusi husimama, na sehemu kubwa ya muziki wa hoteli vilevile.

Hapa pana jambo ambalo naona vijana wengi hawajalipigia hesabu. Ramadhani hurudi nyuma kwa takriban siku 11 kila mwaka wa kalenda ya kawaida. Mwaka 2022 mwezi ulianza mwanzoni mwa Aprili, kwa hiyo ukimya wa Ramadhani na ukimya wa masika vilikuwa kitu kimoja: mwanamuziki alikuwa na shimo moja la kuliruka. Sasa mashimo yanaachana. Ramadhani imeshaingia Februari, inaelekea Januari, na mwaka 2030 zinatarajiwa Ramadhani mbili ndani ya mwaka mmoja, ya kwanza ikianza mwanzoni mwa Januari na ya pili mwishoni mwa Desemba. Maana yake ni kwamba kwa miaka kadhaa ijayo mwezi wetu wa kimya utakaa katikati ya msimu mnono wa hoteli, na masika yatabaki pale pale yakiwa shimo la pili. Aliyezoea kuishi kwa fedha za Januari na Februari hadi Juni atashikwa na jambo hili asipojitayarisha.

Baada ya kuichora kalenda, ndipo hesabu ianze. Chukua mfano wa mtu anayehitaji shilingi 450,000 kwa mwezi kwa chakula, kodi ya chumba, nauli na kusaidia nyumbani. Kwa mwaka ni shilingi 5,400,000. Akiondoa Ramadhani na miezi mitatu ya masika, amebakiwa na miezi minane ya kazi, kwa hiyo kila mwezi wa kazi lazima umletee 675,000, si 450,000. Ikiwa sehemu yake kwa usiku mmoja ni 40,000, anahitaji kupiga takriban mara 17 kwa mwezi. Tarakimu hizi ni za mfano tu, na zako zitatofautiana, lakini ukishazipata hutakubali tena kazi ya 15,000 kwa sababu tu umeombwa kwa maneno mazuri. Utajua kuwa usiku ule umekula nafasi ya usiku mwingine.

Ile miezi minne iliyobaki isiandikwe "hakuna kazi". Iandike "masomo". Fedha za kujifunzia zitoke katika miezi iliyojaa, na muda wa kujifunza utoke katika miezi mitupu.

Makubaliano

Katika mwaka wangu wa kwanza tulialikwa watu wanne kupiga katika hoteli moja ya pwani ya mashariki. Tulikodi gari, tukafika saa kumi na moja jioni, tukaambiwa wageni waliokusudiwa wameahirisha safari na kwamba tungepigiwa simu siku nyingine. Hatukuwa na karatasi wala ujumbe wowote ulioandikwa. Kila kitu kilikuwa kimesemwa kwa mdomo na mtu ambaye siku ile hakuwepo kazini. Nauli ya gari tuliichanga wenyewe usiku ule ule tukiwa tumesimama barabarani, na mpiga dumbak wetu, ambaye alikuwa na mtoto mchanga, alitoa fedha alizokuwa ameziweka kwa ajili ya maziwa.

Tangu hapo sikodi gari lolote kabla ya ujumbe wa maandishi. Hauhitaji kuwa mkataba wa kurasa tano. Ujumbe wa WhatsApp wenye mambo yafuatayo, na jibu la upande wa pili la kukubali, hutosha kwa kazi nyingi: tarehe na saa ya kuanza na kumaliza, idadi ya wapigaji, seti ngapi na kila moja dakika ngapi, nani analeta spika na maikrofoni, nani analipa usafiri, kama wapigaji watapewa chakula, kiasi cha malipo na siku ya kulipwa, na kitakachotokea kazi ikivunjwa. Kwa harusi omba arubuni, angalau nusu, na usione haya, kwa kuwa mpishi na mwenye turubai nao huomba. Kwa hoteli ambayo hailipi arubuni, angalau iandikwe kwamba ikivunja kazi siku yenyewe itarudisha gharama za usafiri.

Kuzungumza bei na familia ya harusi ni sanaa ya aina yake, kwa sababu mara nyingi unayezungumza naye ni mtu mzima anayestahiki heshima, na kijana hujikuta amekubali chochote ili asionekane mtovu wa adabu. Heshima na bei havigombani. Mama mmoja wa Kikwajuni, baada ya shikamoo na kuulizana hali, aliniambia, "Mwanangu, mtakuja watano tu na nyimbo mtapiga chache, sasa bei yote hiyo ya nini?" Nikamjibu, "Mama, nyimbo ni chache kweli, lakini sisi tutatoka nyumbani saa tisa, tutafunga vyombo mpaka magharibi, na tutarudi saa saba za usiku. Bei hii ni ya siku nzima ya watu watano." Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Haya baba, nimekufahamu." Hakupunguza wala sikupunguza. Mweleze mtu siku yako ilivyo, badala ya kumweleza ubora wa muziki wako.

Jambo moja zaidi ambalo limevunja vikundi vingi ni fedha za kutunza. Katika taarab watu huinuka na kumtunza mwimbaji, na usiku mzuri fedha hizo zinaweza kuzidi malipo yenyewe. Kabla hamjapanda jukwaani kubalianeni kama ni za mwimbaji, za kikundi kizima, au zinagawanywa kwa kiwango fulani. Sina upendeleo wa njia yoyote kati ya hizo. Ninachosisitiza ni kwamba mazungumzo hayo yafanyike mchana, fedha zikiwa bado hazijaonekana.

Kazi zikianza kuwa za kudumu, chukua namba ya mlipakodi kutoka TRA, kwa kuwa hoteli na taasisi nyingi haziwezi kumlipa mtu asiyekuwa nayo, na uulize Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni kuhusu usajili wa msanii au kikundi. Wa Tanzania Bara huenda BASATA.

Haki za kazi yako

Ukitunga au ukirekodi, kuna haki mbili ambazo watu huzichanganya. Hakimiliki ni ya aliyetunga shairi na lahani, yaani muziki wa wimbo. Hakishiriki ni ya waliopiga, walioimba na waliogharamia kurekodi. Mtu mmoja anaweza kuwa nazo zote, lakini katika kikundi huwa zimegawanyika. Zanzibar kazi husajiliwa COSOZA, na Tanzania Bara husajiliwa COSOTA. Kabla hamjatoka studio andikeni kwenye karatasi moja nani ametunga maneno, nani ametunga lahani, nani amepiga nini na kila mmoja ana asilimia ngapi, kisha wote mtie saini. Dakika kumi za kazi hiyo, zikifanywa siku ile, huokoa miaka ya manung'uniko. Hakikisha pia kila rekodi imepewa namba yake ya utambulisho, ile ya tarakimu na herufi 12 iitwayo ISRC, ambayo msambazaji wa mtandaoni kwa kawaida hukupatia, na uinakili kwenye daftari lako mwenyewe.

Wapiga taarab tuna tahadhari ya ziada. Tunapenda kurekodi upya nyimbo za wazee na kuandika "wa jadi" mahali pa jina la mtunzi. Kwa sheria ya Tanzania Bara ya mwaka 1999, hakimiliki huendelea kwa miaka 50 baada ya mtunzi kufariki, kwa hiyo kazi za mtunzi aliyefariki mwaka 1990 zinalindwa hadi mwaka 2040. Wimbo kuwa mkongwe masikioni mwetu hauufanyi kuwa hauna mwenyewe. Itafute familia, uombe ruhusa, na ulitaje jina la mtunzi hata pale ambapo sheria haikulazimishi.

Kuendelea kujifunza

Hapa ndipo ninapotaka kukaa zaidi, kwa sababu ndipo nilipoona wenzangu wengi wakisimama. Mwanamuziki wa kujitegemea anaweza kupiga nyimbo zile zile 20 hotelini kwa miaka mitano, akalipwa kila wiki, na asitambue kwamba mkono wake umesimama pale pale ulipokuwa siku ya mahafali. Wageni hubadilika kila wiki, kwa hiyo hakuna wa kumwambia.

Kanuni yenyewe ilifika hapa kwa safari ya kujifunza. Inasimuliwa kwamba Sultani Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alimpeleka Mohamed bin Ibrahim Cairo akajifunze kuipiga, naye akarudi akawafundisha wengine. Mwaka 1905 kikaundwa Nadi Ikhwan Safaa, kikundi ambacho kipo mpaka leo. Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi kilipofungua milango mwaka 2002, baadhi ya waliofundisha humo walikuwa watu waliojifunza kwa kukaa ndani ya vikundi. Kwa hiyo anayemaliza chuo na kurudi kukaa nyuma ya wazee haanzi upya, anaendelea pale mwalimu wake alipoanzia.

Ushauri wangu ni kwamba kila mwaka uchague mambo mawili tu ya kujifunza, moja la ndani na moja la nje. La ndani ni lile linalouzamisha mkono wako katika ala na mila yako. La nje ni lile linalokuwezesha kukaa na wapigaji wa aina nyingine. Nitatoa mfano wa la nje kwanza, kwa kuwa nililifahamu baada ya kuaibika.

Katika mwaka wangu wa pili nilialikwa kupiga na bendi iliyokuwa na kinanda cha umeme, gitaa la besi na ngoma. Tuliufanya wimbo mmoja wa maqamu (mpangilio wa sauti) ya rast. Katika rast inayoanzia do, sauti ya tatu si mi wala si mi bemoli, bali hukaa katikati ya hizo mbili, na ndiyo inayoipa rast utamu wake. Kinanda kile hakina sauti hiyo. Nilipoifikia, mpiga kinanda alikuwa ameshika do, mi na sol, na mi yake ilikuwa juu kidogo ya yangu. Ilisikika kama ala moja haijatyuniwa, na kwa kuwa kinanda hakiwezi kukosea, wote wakanitazama mimi. Nilipandisha vile vikono vidogo vya chuma vilivyo upande wa kushoto, nikaifikisha sauti yangu kwenye mi kamili, na wimbo ukaenda. Lakini haikuwa rast tena.

Masika ya mwaka ule niliyatumia kwa mpiga kinanda mmoja wa kanisani, aliyenifundisha kujenga kodi, yaani sauti kadhaa zinazopigwa pamoja, na kuzifuata kwa sikio, nami nikamfundisha majina ya maqamu. Jawabu tulilolipata ni jepesi: katika vipengele vya rast kinanda kishike do na sol tu, mi kiiache, na ile nafasi iachiwe kanuni au fidla. Siku hizi nikialikwa na bendi yoyote husema sentensi hiyo moja kabla ya mazoezi kuanza, na naamini sentensi hiyo imeniletea kazi nyingi zaidi kuliko cheti changu, kwa sababu viongozi wa bendi humpenda mtu anayewaondolea tatizo kabla halijatokea.

Jambo la ndani lina njia yake. Vikundi kama Nadi Ikhwan Safaa na Culture Musical Club hufanya mazoezi jioni, na kijana mwenye adabu hakatazwi kukaa. Siku ya kwanza usiende na ala. Saidia kupanga viti, sikiliza, na ukiulizwa wewe ni nani, taja mwalimu wako kabla ya jina la chuo. Baada ya wiki kadhaa mwendee mzee unayetaka kujifunza kwake, umwombe kitu mahususi. Ukisema, "Maalim, naomba unifundishe taarab," umempa mzigo usiobebeka. Ukisema, "Maalim, naomba unionyeshe mnavyoingia khana ya pili ya bashraf ile mliyoipiga jana," ataitafuta ala yake mwenyewe. (Bashraf ni muziki wa ala tupu bila ya kuimba, na khana ni sehemu yake moja.) Ukitaka kurekodi kwa simu, omba ruhusa kila mara, na mpe nakala yeye na wanawe. Wazee wengi hawatoi bei ya somo, lakini hilo halimaanishi kwamba somo ni bure. Mimi hutia bahasha mkononi mwake ninapoaga, nikiwa nimeitenga tangu msimu wa hoteli, na siku nyingine hupeleka sukari na majani ya chai nyumbani kwake.

Rekodi uliyoipata usiiache kwenye simu. Iandike kwa noti. Programu ya MuseScore ni ya bure na inatosha kwa kazi hii, na ingawa robo sauti, kama ile ya rast, huhitaji alama za ziada, zimo ndani yake. Bashraf moja kwa mwezi, kwa miezi minne ya kimya, ni nne kwa mwaka. Baada ya miaka mitano utakuwa na daftari ambalo watu wachache wa umri wako wanalo, na utaweza kumpa mpiga fidla mgeni karatasi yake akaipiga siku ile ile. Kuna walimu wanaosema noti huua sikio. Ninawaheshimu, na ndiyo maana hujifunza kwanza kwa sikio hadi niipige bila ya kuangalia, kisha ndipo niandike. Wakati wa kuandika ndipo hugundua mahali nilipokuwa nikibabaisha.

Mazoezi ya kila siku yawekewe saa isiyogombewa na kazi. Kwa anayepiga usiku, asubuhi baada ya saa tatu ndiyo saa yake. Dakika 90 zinatosha zikiwa za kila siku: dakika 20 za maqamu moja na taksimu (kupiga kwa kubuni papo hapo) ndani yake, dakika 40 za bashraf inayokushinda, na dakika 30 za kusikiliza na kuandika. Nyimbo za hotelini usizipangie humo, kwani hizo huzipiga kila wiki kwa malipo.

Masomo ya mbali kwa njia ya intaneti yanasaidia yakitumiwa inavyostahiki. Huwezi kupiga pamoja na mwalimu aliye Cairo, kwa sababu sauti huchelewa njiani na mizani huvunjika. Badala yake jirekodi video ya dakika tatu, kamera ikiwa juu ya mikono, umtumie, naye akujibu kwa video. Mwezi mmoja wa masika kwa mtindo huo hugharimu kidogo kuliko tiketi ya ndege. Ukipata nafasi ya kusafiri, fikiria kambi za Ethno, ambazo zilianza Uswidi mwaka 1990 na ambamo vijana wa nchi mbalimbali hufundishana nyimbo za kwao kwa sikio, bila ya karatasi. Mpiga taarab hukaa humo kama aliyezaliwa humo. Lakini pasipoti iombwe katika mwezi mtupu, kabla hujaalikwa popote, kwa maana mialiko huja ikiwa na wiki chache tu.

Anayetaka chuo kikuu au masomo ya ngazi nyingine, iwe katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, aulize masharti ya kujiunga mapema, kwani cheti cha ala peke yake huenda kisitoshe bila ya matokeo ya skuli yanayotakiwa.

Kufundisha nako ni kujifunza, na huleta fedha katika masika. Mtoto wa miaka tisa aliwahi kuniuliza kwa nini navaa risha kwenye vidole vya shahada na si vya kati. Sikuwa na jibu. Nilimwambia nitampa wiki ijayo, nikaenda kumuuliza mwalimu wangu, na mazungumzo yaliyofuata yalinibadilishia namna ya kuweka viganja. Chukua wanafunzi wachache, watatu au wanne, ili jioni zako zisimalizike.

Akiba na mwili

Malipo yakiingia yagawe siku hiyo hiyo: matumizi, masika na Ramadhani, masomo na ala. Kibati (upatu) cha wapigaji wenyewe kinafaa sana ikiwa zamu yako imewekwa mwezi wa kimya, kwa hiyo iombe zamu hiyo mapema. Mifuko ya hifadhi ya jamii, NSSF kwa Bara na ZSSF kwa Zanzibar, hupokea michango ya hiari ya waliojiajiri, na mtu wa miaka 24 anayeanza na kidogo ana muda mrefu mbele yake.

Masikio yalindwe. Usikae mbele ya spika, mwambie fundi mitambo akusogeze, na ukipiga na bendi yenye ngoma kubwa vaa vizibo. Maumivu ya kifundo cha mkono yasiyoisha baada ya siku tatu yaonyeshwe kwa daktari, hata kama msimu umejaa.

Mimi hulifungua daftari langu katika siku za mwisho za Shaaban, baada ya harusi ya mwisho. Huhesabu nimepiga mara ngapi, nani bado hajanilipa, nyuzi ngapi zimekatika na bahasha ya masomo ina kiasi gani. Halafu huchora kalenda ya mwaka unaofuata, nikaandika ndani ya masika jina la bashraf moja na jina la mzee mmoja anayeijua, kisha nampigia simu kumtakia Ramadhani njema na kumwomba nafasi.